Timu inafungwa kila wiki, alaumiwe nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na mashabiki wa Tabora na Kigoma

Ni maswali yaleyale yanayorudi vijiweni Kanyenye, Ng'ambo na Isevya, na kule Mwanga na Ujiji, kila timu ya mkoa inapopoteza mechi tatu mfululizo. Majibu hapa yamejengwa juu ya msimamo mmoja: lawama zimfuate aliyekuwa na uamuzi mkononi siku kosa lilipofanyika. Aliyekutwa karibu na goli siku kosa lilipoonekana mara nyingi hakulianzisha yeye.

Tumefungwa mechi tatu mfululizo. Kocha si aondoke?

Bado. Ligi Kuu ina timu 16 na kila moja inacheza mechi 30, kwa hiyo mechi tatu ni sehemu ya kumi tu ya msimu. Angalia kwanza ni mechi gani. Ukikutana na Yanga, Azam na Simba ndani ya wiki tatu, mbili zikiwa ugenini, kupoteza zote hakukuambii lolote kuhusu kocha ambalo hukulijua mwezi uliopita. Ukipoteza tatu nyumbani mbele ya timu zinazogombania nafasi ya 12 na nyinyi, hapo kuna mazungumzo.

Kipimo cha haki ni mechi kumi. Chini ya hapo bahati inachezacheza mno: mpira unaogonga mwamba, penalti moja, kipa wa wenzenu anayeamka vizuri siku hiyo.

Basi tutajuaje kosa ni la nani? Kila mtu ana lake.

Chukua daftari, siyo simu. Kwa kila mechi andika mambo sita: dakika ya kila bao mlilofungwa, bao lilipatikanaje (kona au faulo, penalti, shambulizi la kushtukiza, kosa la mtu mmoja, au pasi zilizowapasua katikati), mashuti yenu yaliyolenga goli na yao, mabeki wanne walioanza, wachezaji waliokosekana na sababu yake, na siku za kupumzika tangu mechi iliyopita. Ukifika mechi ya kumi, daftari linaanza kusema lenyewe.

Mabao mengi yakiwa yameingia dakika 15 za mwisho, tatizo ni pumzi au wachezaji wa akiba. Pumzi ni ya kocha wa viungo na maandalizi ya kabla ya msimu. Timu iliyoanza kambi wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza, badala ya wiki tano au sita, italipa deni hilo mwezi Oktoba na Novemba, na deni hilo halikukopwa na kocha bali na aliyechelewa kutoa fedha za kambi. Ikiwa wachezaji wanaoingia kipindi cha pili hawana tofauti na mbao za benchi, huo ni usajili.

Mabao ya kona na faulo yakizidi theluthi moja ya yote, hapo mnyooshee kocha kidole bila aibu. Mipira ya kutenga ndiyo sehemu ya mchezo anayoweza kuifundisha hata akiwa na wachezaji wa kawaida: nani anamkaba nani, nani anasimama nguzo ya karibu, nani anabaki nje ya eneo kusubiri mpira unaorudi. Dakika 20 za mazoezi, mara mbili kwa wiki, zinatosha kuonyesha tofauti.

Mabeki wanne wakiwa hawajawahi kuanza pamoja mechi tatu zinazofuatana, rudi kwenye safu ya waliokosekana. Majeraha ya misuli ya paja yanayojirudia ni suala la mzigo wa mazoezi, safari na matibabu. Kadi tatu za njano zinazomweka mtu nje ni nidhamu yake. Na "hayupo, ana matatizo ya kifamilia" ikiandikwa mara nne kwa watu wanne tofauti, uliza kuhusu mishahara.

Mkitengeneza nafasi nyingi na hazifungwi, kuwa mpole kidogo. Straika akipiga mashuti manne yanayolenga goli kila mechi bila kufunga, mara nyingi atafunga tu. Wasiwasi uwe kwa straika asiyepiga shuti hata moja, kwa sababu huyo mpira haumfikii, na hapo wa kuangaliwa ni viungo na mawinga.

Ni makosa gani hasa ya kocha, mbali na kona?

Kubadilisha mfumo kila wiki kwa kufuata mpinzani, mpaka wachezaji hawajui wao ni nani. Kuchelewa kufanya mabadiliko: sheria inaruhusu wachezaji watano wa akiba ndani ya nafasi tatu za kusimamisha mchezo, ukiacha mapumziko, halafu unamwona kocha anaingiza wawili dakika ya 86 timu ikiwa nyuma tangu dakika ya 20. Kumpanga mchezaji asiye na utimamu kwa sababu jina lake ni kubwa. Kugombana hadharani na mchezaji mmoja hadi chumba cha kubadilishia nguo kigawanyike.

Lipo na kosa ambalo mashabiki hawalioni: kukubali kazi bila kuuliza. Kocha anayesaini Julai bila kuona orodha ya usajili wala ratiba ya mishahara amechagua mwenyewe kuwa mbuzi wa kafara.

Mbona timu ikibadili kocha hushinda mechi mbili tatu, kisha inarudi palepale?

Kwa sababu kocha hufukuzwa timu ikiwa chini kabisa, na ukiwa chini kabisa njia iliyobaki ni kupanda. Timu ambayo ingebaki na kocha yuleyule nayo hupanda kidogo. Uchunguzi uliofanywa kwenye ligi za Ulaya, ukilinganisha timu zilizomfukuza kocha na zilizomvumilia katika hali ileile, umeonyesha tofauti ndogo sana baada ya wiki kadhaa. Kinachobaki ni gharama: fidia ya mkataba wa zamani, mshahara wa kocha mpya, na pengine wasaidizi wake wawili.

Tazama msimu wa 2024/25. Tarehe 7 Novemba 2024 Tabora United iliifunga Yanga 3-1 palepale Chamazi, siku chache baada ya Yanga kufungwa 1-0 na Azam. Kocha wa Yanga, Miguel Gamondi, akaondoka. Akaja Sead Ramović, naye akaondoka Februari. Akaja Miloud Hamdi, na Yanga ikachukua ubingwa. Makocha watatu, ubingwa mmoja wa ligi. Usidhani kubadili makocha ndiko kulikoleta ubingwa. Yanga ilikuwa na kikosi kipana na fedha ya kukiendesha, ndiyo maana ilistahimili mitikisiko ambayo ingeishusha daraja timu yenye wachezaji 20 na madeni ya miezi mitatu.

Kuna hali moja ambapo kumwondoa kocha kunasaidia kweli: wachezaji wameshaacha kumsikiliza. Dalili yake huioni kwenye matokeo bali kwenye mwendo. Timu inapopoteza mpira, wanne wanarudi, sita wanatembea. Ikiwa hivyo mechi tano, na mishahara imelipwa, mbadilisheni.

Wachezaji wanacheza kama hawataki. Wamegoma?

Mgomo wa wazi ni rahisi kuujua, kwani hawaji mazoezini. Mgomo wa kimyakimya una dalili zake: mazoezi yanaanza saa moja baada ya muda uliopangwa, majeraha madogo yanaongezeka ghafla, mchezaji wa kigeni "amekwenda kwao kushughulikia pasipoti", na nahodha hataki kuhojiwa baada ya mechi.

Kabla hujawaita wasaliti, fahamu kanuni zinasemaje. Chini ya kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu barua ya madai na kuipa siku zisizopungua 15. Siku hizo zikipita bila malipo, ana sababu halali ya kuvunja mkataba, na klabu itaendelea kudaiwa. Akiwa mgeni atapeleka shauri FIFA. Uamuzi ukitoka klabu inapewa siku 45 kulipa, na isipolipa inafungiwa kusajili hadi deni liishe, kikomo kikiwa madirisha matatu mfululizo. Makocha wa kigeni nao wana njia hiyohiyo.

Kwa hiyo mshahara wa Machi usiolipwa unaweza kuonekana uwanjani Agosti mwaka unaofuata, wakati mhasibu na mwenyekiti wa wakati ule wameshaondoka, na anayezomewa ni kipa wa umri wa miaka 19 aliyepandishwa kutoka timu ya vijana kwa kukosa mwingine.

Hilo halimsafishi kila mchezaji. Aliyelipwa kwa wakati, akazidisha kilo sita likizo, akarudi kambini na pumzi ya mzee, hana wa kumtupia lawama.

Ile mechi ya Chamazi ya Agosti 2023 lilikuwa kosa la nani?

Kwa wasiokumbuka: Kitayosce, iliyopanda daraja na baadaye kuitwa Tabora United, ilifungua msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu tarehe 16 Agosti 2023 dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu. Feisal Salum akafunga mabao matatu ndani ya dakika chache, Azam ikawa mbele 4-0. Wawili wa Kitayosce wakashindwa kuendelea, wakabaki sita. Sheria ya 3 ya mpira wa miguu haina huruma: timu ikiwa na wachezaji chini ya saba, mchezo hauendelei. Mechi ikavunjika kabla ya dakika ya 20.

Nani alaumiwe kwa 4-0 ya namna ile? Siyo wale wanane. Wao ndio watu pekee siku ile waliofanya kazi yao, wakicheza watatu pungufu mbele ya timu iliyojiandaa. Mchezaji hapungui uwanjani jioni ya mechi, hupungua mezani, wiki nyingi nyuma.

Usajili wa mchezaji wa ndani unahitaji mkataba uliosainiwa, barua ya kuachwa na klabu ya zamani, picha na vipimo vya afya, kisha kuingizwa kwenye mfumo wa shirikisho la soka nchini, TFF, kabla dirisha halijafungwa. Mgeni anaongezewa hati ya uhamisho wa kimataifa inayoombwa kupitia mfumo wa FIFA, kibali cha kazi na kibali cha kuishi nchini, ndipo leseni itoke. Kila hatua ina malipo na kila malipo yana mtu wa kuyaidhinisha. Panapoharibika huwa panne: klabu ya zamani inadai fedha na haijatoa barua, jina kwenye pasipoti halifanani na la kwenye mkataba, ofisi inasubiri siku mbili za mwisho wakati klabu zote ziko kwenye mfumo, au klabu imefungiwa kusajili kwa deni la zamani na viongozi wanasajili hivyohivyo wakitumaini deni litamalizwa.

Mwenye dhamana ya haya ni katibu au mtendaji mkuu, na juu yake mwenyekiti anayetoa fedha. Kocha hajazi fomu.

Msimu huohuo timu ilimaliza kwenye mechi za mchujo na ikabaki Ligi Kuu kwa kuitoa Biashara United. Msimu uliofuata ikaifunga Yanga kama ilivyoelezwa juu. Mkoa ni uleule na uwanja ni uleule wa Ali Hassan Mwinyi.

Fedha zinakwenda wapi? Sisi tunalipa viingilio.

Piga hesabu hii. Tarakimu ni za mfano, ziondoe uweke za kwenu. Wachezaji 28 kwa wastani wa shilingi 900,000 ni 25,200,000 kwa mwezi. Benchi la ufundi, daktari na mtunza vifaa, watu wanane kwa wastani wa 1,000,000, ni 8,000,000. Jumla 33,200,000 kila mwezi kabla ya bonasi, kodi za nyumba na dawa.

Safari moja ya Dar es Salaam kutoka Tabora: basi linatembea karibu kilomita 1,700 kwenda na kurudi. Likila lita moja kwa kilomita tatu, ni lita zipatazo 565, ambazo kwa shilingi 3,000 kwa lita ni karibu 1,700,000. Watu 35, vyumba 18 kwa 50,000 kwa siku tatu, ni 2,700,000. Chakula na maji, 30,000 kwa mtu kwa siku nne, ni 4,200,000. Umeshafika 8,600,000 na hujampa mtu posho. Mechi za ugenini ni 15. Si zote ni za Dar, lakini kutoka huku hakuna iliyo jirani.

Sasa mapato. Ukiondoa mechi za Simba na Yanga, zimebaki mechi 13 za nyumbani. Watu 1,500 kwa shilingi 3,000 ni 4,500,000 kabla ya makato. Mara 13 ni 58,500,000, yaani haifikii mishahara ya miezi miwili. Wanaosema "tukijaza uwanja mambo yataisha" hawajakaa chini na kalamu. Kinachoibeba klabu ni mgao wa haki za matangazo, udhamini wa ligi na mdhamini wake yenyewe. Mkataba wa matangazo wa Azam Media wa mwaka 2021 ni wa miaka kumi na shilingi bilioni 225.6, na kila klabu hupata sehemu yake. Klabu isiyo na mdhamini wake inaishi kwa kusubiri mgao huo, na kiongozi anayesajili kana kwamba mgao umeshaingia ndiye anayezaa madeni.

Umbali si kisingizio? Hata timu za Dar zinakuja huku.

Zinakuja mara moja au mbili kwa msimu. Nyinyi mnatoka kila baada ya wiki mbili. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kilomita 1,254, na barabara haina unafuu mkubwa. Timu ya Kigoma ikicheza Dar Jumatano na kurudi nyumbani kucheza Jumapili, mchezaji amekaa na magoti yamekunjwa siku nzima na zaidi, miguu imevimba, usingizi wa basi si usingizi. Misuli inahitaji saa 48 hadi 72 kurudi sawa baada ya mechi, na safari inakula humo humo.

Umbali wenyewe hauna wa kulaumiwa. Upangaji wa safari unaye. Timu inayofika mji wa mechi siku mbili kabla imepangwa. Inayofika usiku wa kuamkia mechi kwa sababu fedha za mafuta zilipatikana Ijumaa saa 10 jioni imehujumiwa na ofisi yake. Ratiba ikibana mechi mbili za ugenini upande mmoja, busara ni kubaki kambi hukohuko kati yake badala ya kurudi. Treni ya mwendokasi inafika Dodoma tangu 2024, na wapo wanaokwenda na basi hadi hapo kisha wakamalizia kwa treni. Meneja wa timu aulizwe kama amelipigia hesabu.

Uwanja wetu ni mbovu. Hiyo je?

Inaathiri, lakini inaathiri timu zote mbili. Kosa ni kusajili viungo wafupi wa pasi za chini halafu mkacheza masika kwenye tope Novemba hadi Aprili. Aliyesajili alijua mvua za Tabora zinanyesha lini.

Timu ikiwa ya jeshi au ya shirika, si tumesalimika? Mshahara upo.

Mshahara wa uhakika unaondoa sababu moja ya kushuka, hauondoi zote. Mashujaa ya Kigoma, timu ya JWTZ, ilipanda mwaka 2023 kwa kuitoa Mbeya City kwenye mchujo, na Aprili 2024 ikaitoa Simba kwa penalti kwenye Kombe la Shirikisho, Uwanja wa Lake Tanganyika. Huo ni utulivu unaozaa matunda. Lakini Tabora inaikumbuka Rhino Rangers, nayo ya jeshi, iliyocheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kushuka msimu huohuo. Mtibwa Sugar, bingwa wa 1999 na 2000, ilishuka 2023/24 ikiwa na kiwanda nyuma yake. Mwaka uliofuata ikashuka Kagera Sugar.

Ugonjwa wa timu za aina hii ni tofauti na ule wa timu za wanachama. Mchezaji ni mwajiriwa, haogopi kuachwa, na kikosi kinazeeka pamoja. Uamuzi wa kusajili unapita meza nyingi hadi dirisha linafungwa. Hakuna wa kumzomea, kwa sababu mwenye timu hachaguliwi na mashabiki. Ndiyo maana tangu Tabora United ilipogeuka TRA United, timu ya Mamlaka ya Mapato, maswali ya kuuliza nayo yamebadilika: zamani mliuliza fedha ipo, sasa ulizeni nani anaidhinisha usajili na inamchukua siku ngapi.

Waamuzi wanatuonea.

Baadhi ya siku, ndiyo. Rudi kwenye daftari: hesabu pointi ambazo uamuzi mbovu uliziondoa, kisha hesabu na zile mlizopewa. Ikibaki tofauti ya pointi tatu nne kwa msimu mzima, ni nyingi kwa timu iliyo nafasi ya 14, na ofisi iandike malalamiko kwa Bodi ya Ligi yakiwa na video na dakika. Malalamiko ya kwenye redio hayarudishi kitu, na yanaweza kuleta faini.

Timu imerogwa?

Klabu kadhaa zimepigwa faini na Bodi ya Ligi kwa kuingia uwanjani kupitia mlango usio rasmi au kukwepa vyumba vya kubadilishia nguo. Fedha hizo zingelipa mtaalamu wa misuli. Kamati inayoomba bajeti ya "mambo ya ufundi" bila risiti ni suala la mweka hazina.

Kuna wachezaji wanauza mechi?

Ni tuhuma nzito, usiitoe kwa sababu kipa aliteleza. Kinachotia shaka kinastahili kuandikwa: penalti isiyo na maana inayojirudia kwa mtu mmoja, dau lisilo la kawaida la kubeti linalozungumzwa mtaani kabla ya mechi, mchezaji anayetajwa na watu wasiojuana. Ukiwa na ushahidi, peleka TFF au TAKUKURU. Usipokuwa nao, nyamaza, maana ukimchafua mtu asiye na hatia umemwongezea kocha tatizo lingine. Na jueni kwamba anayerubuniwa kirahisi ni yule asiyelipwa miezi minne.

Sisi mashabiki hatuna lawama?

Tunayo, ndogo lakini ya aibu. Siku Yanga au Simba inakuja, nusu ya jukwaa la Ali Hassan Mwinyi inavaa jezi ya mgeni, na beki wa kushoto aliyezaliwa Cheyo anazomewa na majirani zake. Chupa ikirushwa uwanjani, faini inalipwa na klabu. Na kelele za "kocha nje" dakika ya 30 zinampa mwenyekiti kile hasa alichokuwa anakitafuta, mtu wa kumtoa ili yeye asiulizwe.

Dirisha dogo litatuokoa?

Linaweza, mkisajili watatu. Mkisajili kumi, hapana. Huwa linafunguliwa katikati ya Desemba na kufungwa katikati ya Januari. Wachezaji kumi wapya wanahitaji wiki sita kuzoeana, na wakizoeana imefika Machi. Watatu wanaofaa kwa timu inayozama ni kipa au beki wa kati mwenye sauti, kiungo mkabaji, na straika. Wa mkopo kutoka timu kubwa anafaa ikiwa hajakaa benchi miezi minne bila mechi. Mkataba wake usomwe vizuri: je, anaruhusiwa kucheza dhidi ya klabu yake, na nani analipa mshahara wake?

Ni pointi ngapi za kubaki, na mchujo unakwendaje?

Pointi moja kwa kila mechi inakupa 30, na hapo bado uko jirani na moto. Lenga 35. Nafasi ya 15 na 16 zinashuka moja kwa moja. Ya 13 na ya 14 zinacheza nyumbani na ugenini. Mshindi anabaki, aliyeshindwa anakutana na timu iliyopita mchujo wa Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, na hapo anayeshinda ndiye anacheza Ligi Kuu. Ukifika huko ukiwa na majeruhi sita na mishahara ya miezi miwili haijalipwa, ubora wa kocha hauna nafasi kubwa tena.

Tukipata nafasi ya kukutana na uongozi, tuulize nini?

Msianze na kocha. Waheshimiwa wamejiandaa kulijibu hilo, watawaambia wanamfuatilia. Anzeni hivi: mshahara wa mwisho uliolipwa kwa wote ni wa mwezi gani? Kuna mashauri mangapi dhidi ya klabu, TFF au FIFA, na ya kiasi gani? Mchezaji gani amesajiliwa na hajapata leseni, na amekwama kwenye hatua ipi? Nani alichagua wachezaji wa dirisha lililopita, kocha alipeleka majina mangapi na alipewa mangapi? Safari ya mechi ijayo fedha zake zimeshatengwa, na timu inaondoka siku gani? Mkataba wa kocha ukivunjwa leo, fidia ni kiasi gani, na itatoka fungu lipi?

Ombeni majibu kwa maandishi ndani ya siku 14, na andikeni jina la kila aliyejibu na swali alilojibu. Ikifika Mei, karatasi hiyo itawaonyesha ni nani aliyeahidi kulipa, na ni lini alipaswa kuwa amelipa.